Grafiti: Sanaa au Uharibifu? Kwanza Tuulize Ukuta ni wa Nani

Jamani, ubishi wa kikao cha mwezi uliopita bado unaendelea. Wapo wanachama wanaotaka tuchore kitu cha kwetu kwenye ile njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara karibu na mabweni, na wapo wanaosema huo ni uhuni mtupu. Mimi ni mtu wa uhandisi, uzuri wa picha nawaachia wenyewe. Ila naona pande zote mbili zinajibu swali ambalo sheria ya hapa Uingereza haiulizi.

Sheria ya uharibifu wa mali ya mwaka 1971 haijali kama mchoro unapendeza. Inauliza: mali ni ya nani, na nani kakuruhusu? Hasara ikizidi pauni 5,000, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Na sisi wa viza tunajua jinsi rekodi ya polisi inavyoweza kukurudia siku ya kuomba kuongezewa muda.

Hata jina kubwa halikuokoi. Septemba 2025 Banksy, ambaye kazi zake huuzwa kwa mamilioni, alichora kwenye ukuta wa Royal Courts of Justice, London, jaji akimpiga mwandamanaji kwa nyundo (majaji wa hapa hata hawatumii nyundo, lakini tuyaache hayo). Jengo lile linalindwa kisheria kwa historia yake, kwa hiyo mchoro ulisuguliwa ndani ya siku chache. Kilichobaki ukutani ni kivuli chake.

Kivuli hicho ndicho kinachonihusu mimi. Jiwe na tofali vina vitundu vidogo sana, na rangi ya kupuliza hunywewa humo. Ukitumia mchanga wa presha kuitoa, unaondoa pia ile ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na moto wa tanuri. Ndani ni laini, maji yanaingia, na baridi ikifika yanaganda na kutanuka. Baada ya miaka michache tofali linamenyeka lenyewe. Yaani mara nyingi kinachoumiza ukuta zaidi ni kule kusafisha. Zege lililokwisha kupakwa rangi ni hadithi nyingine: unapaka tena, kwisha.

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Michoro ya matatu za Nairobi hulipiwa na mwenye gari mwenyewe, hakuna aliyeharibiwa mali. Hata hivyo mwaka 2004 serikali ilizitaka matatu zote ziwe na mstari wa manjano na michoro ikapigwa marufuku. Ikarudi miaka kama kumi baadaye.

Kwa anayetaka kujaribu mkono bila kutafutwa na polisi, London kuna njia ya chini ya Leake Street, karibu na stesheni ya Waterloo. Tangu 2008 watu wanapuliza rangi pale kwa ruhusa. Ujue tu kwamba kesho mwingine atachora juu ya kazi yako, na huna pa kulalamika.

Sasa ukuta wetu: ni zege, umeshapakwa rangi, na ni mali ya halmashauri. Barua ya kuomba ruhusa nimeshaianza. Ninachokosa ni mchoro wa kuambatanisha, maana twiga wangu anafanana na ngazi. Anayejua kuchora aniletee kabla ya kikao kijacho.