Pango la Chumvi: Safari ya Siku Moja Mlima Elgon

Sisi tunaotembea kwa miguu kuja shuleni huuona Mlima Elgon kila asubuhi isiyo na ukungu, umejinyoosha kule juu kama ng'ombe aliyelala akicheua. Twauona mpaka tumeuzoea. Lakini ukiuliza darasani ni wangapi wamewahi kuukanyaga, vidole havifiki vitano. Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, nami naongeza kuwa kuona kwa mbali si kujua.

Katika makala haya nataka kueleza mambo matatu. Kwanza, mlima huu ni wa namna gani. Pili, ni kwa nini ndovu wake huingia ndani ya mapango usiku wa giza, jambo ambalo ni nadra mno duniani. Tatu, ni vipi kijana wa shule anaweza kwenda huko na kurudi siku hiyo hiyo akiwa salama. Hilo la tatu ndilo zito zaidi, kwani pango lile lile linalowapa ndovu chumvi limewahi kushukiwa kuwapa watu mauti.

MLIMA WENYEWE

Sisi Wabukusu huuita Masaba. Jina la Elgon limetokana na Waelgonyi, ambao ni mojawapo ya jamii za Wasabaot wanaoishi kwenye miteremko yake. Elgon ni mlima wa volkeno iliyozimika kitambo. Ulianza kutapika moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kwa hivyo ni mzee kuliko Mlima Kenya na hata Kilimanjaro. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321. Upande wetu wa Kenya tuna Koitobos, mita 4,222.

Mtu anaweza kuudharau akiulinganisha na Kilimanjaro wenye mita 5,895. Asifanye haraka! Elgon umepungukiwa na kimo lakini haukupungukiwa na upana. Kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi, na juu kabisa kuna shimo la volkeno lenye upana wa karibu kilomita 8. Mvua inayonyesha huko ndiyo inayolisha mito ya Kuywa, Malakisi na Suam, na hata Nzoia hupata sehemu ya maji yake huko. Kwa hivyo hata yule ambaye hajawahi kufika mlimani amekwisha kuunywa.

Sehemu ya mlima iliyo upande wa Kenya ilifanywa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1968. Mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita mraba 169, na mapango ninayotaka kueleza yamo humo.

TULIVYOKWENDA

Tulikuwa watano, wavulana watatu na wasichana wawili, sote wa kidato cha tatu. Tulichagua Jumamosi moja ya likizo ya Disemba kwa sababu wakati huo mvua imepungua na barabara za udongo hazina tope la kunasa gari. Kila mmoja aliomba ruhusa nyumbani. Mama ya mwenzetu mmoja alitaka tumweleze kila kitu: tunakwenda na nani, tunarudi saa ngapi, na humo pangoni kuna nini. Tulimwona kama anatuchelewesha, kumbe swali lake la mwisho lilikuwa la maana kuliko yote.

Tulipanda matatu hapa Misikhu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kamukuywa hiyo, Kiminini hiyo, na kabla jua halijapanda tulikuwa Kitale tukinywa chai kwa mandazi. Kutoka Kitale tulichanga pesa tukakodi gari la kutupeleka kupitia Endebess hadi lango la Chorlim, mwendo usiofika kilomita 30. Pale langoni baridi ilituuma masikio. Tulionyesha vitambulisho vya shule, tukalipa kiingilio, kisha tukapewa askari wa wanyamapori mwenye bunduki atusindikize.

Msitu wa Elgon si mchezo. Kuna mipodo na mizeituni mikubwa ambayo sisi watano tulishikana mikono na bado hatukuweza kuzunguka shina moja. Mbega, wale nyani weusi wenye mikia mirefu meupe, walikuwa wakiruka juu kama watu waliovaa kanzu. Nyati tuliwaona kwa mbali, nasi tukashukuru kuwa ni kwa mbali. Ukipanda juu zaidi utakuta mianzi, kisha nyasi na mimea mikubwa ya ajabu ya milima ya baridi, lakini huko hakufikiki kwa safari ya siku moja ukiwa unataka kulala kwenu. Sisi tulikwenda kwenye mapango.

NDOVU NA CHUMVI

Mapango yanayojulikana sana katika mbuga hii ni manne: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny lina maporomoko madogo ya maji yanayoangukia mlangoni kama pazia. Kitum ndilo lenye sifa ulimwenguni. Linaingia ndani ya mlima kwa takriban mita 200, na mlango wake ni mpana kiasi kwamba darasa letu lote lingeweza kusimama humo bila kusukumana.

Mzungu aitwaye Joseph Thomson alipopita pande hizi mwaka wa 1883 na kuona mapango ya mlima huu, alidhani yamechimbwa na watu wa kale waliokuwa wakitafuta madini. Hakujua kuwa miongoni mwa wachimbaji alikuwamo ndovu!

Sababu yake ni hii. Kila mnyama anahitaji chumvi mwilini. Simba huipata katika damu na nyama, lakini mla majani hutegemea majani. Sasa, mlimani mvua ni nyingi, na mvua huosha chumvi kutoka ardhini na kuiteremsha mabondeni. Majani ya huko juu yanabaki na chumvi kidogo mno, kama mboga iliyosahauliwa na mpishi. Lakini ndani ya mapango, mwamba uliotokana na majivu ya volkeno haukuoshwa hivyo. Chumvi bado imo, tena tele.

Basi usiku ndovu huja kwa foleni. Humo ndani hakuna mwanga wowote, kwa hivyo hupapasa njia kwa mkonga, hatua kwa hatua. Wakifika ukutani hutumia pembe zao kuvunja mwamba, huokota vipande kwa mkonga na kuvitafuna. Wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi mpaka pango likapanuka. Watoto hufuata mama zao na kujifunza njia. Si wote wanaorudi: ndani kuna ufa mrefu ambamo ndovu wadogo wamewahi kutumbukia na kufa. Alama za pembe tuliziona kwa macho yetu ukutani, mistari kama iliyochorwa kwa jembe. Katika kuta hizo pia mna vipande vya miti ya kale iliyogeuka kuwa jiwe, iliyofunikwa na majivu wakati volkeno ilipolipuka.

Ndovu si peke yao. Pongo na nyati hufuata nyuma kulamba mabaki. Hata Wasabaot wa zamani waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na mifugo yao, wakijikinga na baridi na maadui, na ng'ombe wao wakilamba mwamba huo huo.

Katika miaka ya 1980 majangili waliwaua ndovu wengi sana wa mlima huu kwa ajili ya pembe. Fikirini, ndugu zangu: ndovu mzee akiuawa, si nyama na pembe tu zinazopotea. Ile ramani ya giza iliyo kichwani mwake, ya kujua pa kukanyaga na pa kuepuka, nayo inapotea.

POPO NA HOMA

Tulipofika mlangoni mwa Kitum, mmoja wetu alitaka kuingia mbio mpaka mwisho akaone popo. Askari alimzuia kwa mkono.

"Kijana, pole pole. Popo hawakualika mtu."

"Lakini afande, tumetoka mbali! Kuja mpaka hapa bila kufika ndani ni kama kwenda kisimani na kurudi na mtungi mtupu."

"Mtungi mtupu unaweza kurudi kesho," akajibu. "Mtungi uliovunjika je?"

Tulicheka, lakini maneno yake yana historia ndefu. Kuna ugonjwa uitwao homa ya Marburg. Umepewa jina la mji wa Ujerumani ambako mwaka wa 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushika nyani walioletwa kutoka Uganda. Mwaka wa 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi huku Magharibi mwa Kenya aliugua homa hiyo na kufia Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa pia, lakini akapona. Mwaka wa 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark akafa kwa homa iyo hiyo. Uchunguzi ulionyesha kuwa wote wawili, yule Mfaransa na kijana huyu, walikuwa wametembelea pango la Kitum siku chache kabla ya kuugua.

Wanasayansi walikuja mwaka wa 1988 kutafuta chanzo pangoni wasikipate. Ilichukua miaka mingi kugundua kuwa virusi hivyo hukaa katika aina fulani ya popo wala matunda, ambao wenyewe hawaugui. Popo mmoja aliyekamatwa Kitum mwaka wa 2007 alikutwa navyo.

Msiseme haya ni mambo ya wazungu na ya zamani. Mnamo Oktoba 2017 homa hii ilizuka wilaya ya Kween, kwenye mteremko wa Uganda wa mlima wetu huu huu. Mwindaji aliyekuwa akiwinda karibu na pango lenye popo alikufa, kisha dada yake, kisha kaka yake. Mmoja wao alikuwa amevuka kuja Kenya kabla ya kufa. Mwaka wa 2024 watu 15 walikufa Rwanda. Kwa wastani, nusu ya wanaougua hufariki.

Mwenzetu mwingine akauliza, "Si wawachome tu hao popo waishe?" Swali zuri, lakini jibu lake limeshapatikana. Katika machimbo ya Kitaka nchini Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka wa 2007, popo waliangamizwa. Baada ya muda walirudi wengine, na waliorudi walikuwa na virusi zaidi kuliko wa kwanza. Popo pia husambaza mbegu za miti ya msitu. Dawa si kuwaua. Dawa ni kuwaachia nyumba yao.

Basi tuliingia mpaka pale mwanga wa mlango unapofika. Tulitazama alama za pembe, tukasikia sauti za popo kutoka gizani, tukatoka. Hakuna aliyeshika ukuta, na hakuna aliyelala njaa kwa kutofika mwisho.

UKITAKA KWENDA

Kwa wale watakaotamani safari hii, nawapa mashauri machache:

1. Nendeni kwa kikundi na mruhusiwe nyumbani. Waambieni wazazi mnakokwenda na mtakachokiona.

2. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu na sweta. Bebeni maji, chakula na tochi.

3. Msiende bila askari. Ndovu na nyati hawajui kwamba mko likizo.

4. Pangoni, funikeni pua na mdomo, msiguse kuta wala sakafu, msile humo, na msiende walipo popo. Mkitoka, oshani mikono kwa sabuni.

5. Hili ndilo kubwa. Homa ya Marburg huweza kuanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa, na mwanzoni hufanana na malaria: joto, kichwa kuuma, mwili kuchoka. Mtu akiugua ndani ya siku hizo, asinunue dawa dukani na kulala. Aende hospitali na amwambie daktari waziwazi, "Nilikuwa pangoni." Maneno hayo mawili yanaweza kumwokoa yeye, mama yake anayemuuguza, na muuguzi mwenyewe.

Sikuandika haya ili kumtisha mtu asipande mlima. Tulirudi Misikhu saa mbili za usiku tukiwa tumechoka na wenye furaha, na mpaka leo sote tu wazima. Nimeandika kwa sababu mlima huu ni wetu, na mwenye mali hana budi kujua mali yake. Ndovu mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, akiingia pangoni hupapasa kwanza ndipo akakanyaga. Nasi wadogo tufanye nini?

Mungu akipenda, tukutane tena katika toleo la mwaka ujao. Wasalaam.