Mkono Usiotulia: Afya ya Mchezaji wa Pool Kabla ya Mashindano

Katika baa nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, meza ya pool husimama hatua chache tu kutoka kaunta ya vinywaji, na kwa miaka kadhaa hata mashindano ya taifa ya mchezo huu nchini Tanzania yalibeba jina la bia. Si ajabu, basi, kwamba miongoni mwa wachezaji imejengeka imani kuwa chupa moja au mbili kabla ya mechi hutuliza mkono. Imani hiyo si uzushi mtupu, na ndiyo maana inadhuru.

Mchezo wenyewe hauna huruma kwa mkono usiotulia. Mpira mweupe ukikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, baada ya kusafiri mita 1 utakuwa umepotoka kwa takriban milimita 17, umbali unaotosha kuugonga mpira uliolengwa upande usiokusudiwa kabisa. Mchezaji anayeingiza mipira yake 7 jioni nzima akicheza na rafiki zake hukosa mpira mweusi ulio mdomoni mwa shimo siku ya fainali, akabaki akiilaumu fimbo au chaki.

Kila mkono wa binadamu hutetemeka. Mtetemo wa kawaida huwa wa mara 8 hadi 12 kwa sekunde, nao ni mdogo mno kuonekana kwa macho. Hofu inapoingia, mwili humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio na mtetemo ule hukua hadi ncha ya fimbo ikauonyesha. Kahawa nyingi, sigara, vinywaji vya kuongeza nguvu, njaa, uchovu na usiku wa kukesha huuzidisha. Dawa ya pumu ya kuvuta, aina ya salbutamol, nayo huweza kuuongeza kwa muda, ingawa hiyo si sababu ya mgonjwa kuiacha.

Wapo pia watu wenye mtetemo wa kurithi, ambao hujitokeza mkono unapokuwa kazini: kubeba kikombe, kuandika, kushika fimbo. Hao ndio ambao pombe huwapa nafuu ya kweli kwa saa chache, kisha mtetemo hurejea, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Mfano unaojulikana sana ni wa Bill Werbeniuk wa Kanada, mmoja wa wachezaji bora wa snooker duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa na mtetemo wa aina hiyo, naye alikunywa bia nyingi kabla na wakati wa mechi ili aweze kucheza. Baadaye alitumia propranolol, dawa ya moyo ambayo wasimamizi wa mchezo waliipiga marufuku. Alifariki dunia mwaka 2003 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 56.

Propranolol ingali inasimuliwa vijiweni kama siri ya mabingwa. Huzuia adrenalini isifanye kazi yake, na kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Zisizoruhusiwa Michezoni, WADA, hukataza kundi lake lote wakati wa mashindano ya michezo ya biliadi, pool ikiwamo. Jambo kubwa zaidi ni usalama: kidonge cha presha kilichoazimwa kwa jirani kinaweza kubana mapafu ya mwenye pumu au kupunguza mno mapigo ya moyo. Mchezaji aliyeandikiwa dawa hizo na daktari asiziache ghafla kwa ajili ya kombe, kwani kufanya hivyo ni hatari. Azungumze na daktari wake mapema na kuomba kibali kwa utaratibu wa mchezo.

Kinachotuliza mkono ni mazoezi yanayofanana na mechi. Kurudia pigo moja mara 50 humpa mchezaji raha ya kuona mpira ukiingia, lakini mapigo yaliyochanganywa, ya karibu na ya mbali, hukaa zaidi katika kumbukumbu ya misuli. Wiki 2 au 3 kabla ya mashindano inafaa kufanya mazoezi saa ileile ya mechi, mbele ya watazamaji, na kukaa kitini kwa dakika kadhaa kati ya zamu, maana kusubiri mpinzani amalize ndiko kunakompoza na kumkaza mchezaji. Mwili ukizoea hofu ndogondogo, ile kubwa haiukuti mgeni. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi, kwa kuwa ubongo huendelea kupanga ujuzi wa mikono mtu akiwa amelala.

Macho nayo hufundishika. Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary alieleza jinsi wanamichezo hodari wanavyotuliza jicho mahali pamoja kwa muda kabla ya tendo, na wachezaji wa biliadi wameonekana kufanya vivyo hivyo. Pumzi itolewe polepole, jicho litue, kisha fimbo iende.

Waliovuka miaka 40 wana shida nyingine: mchezaji akiinama, hutazama kupitia sehemu ya juu ya miwani, au juu ya fremu kabisa. Dennis Taylor, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snooker mwaka 1985, alivaa miwani mikubwa iliyochekwa na watu wengi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuinama. Daktari wa macho akielezwa mkao wa mchezo, anaweza kupendekeza lenzi zinazofaa.

Mtetemo unaoambatana na kupungua uzito, jasho na moyo kwenda mbio huenda ukatokana na tezi dundumio. Unaoonekana mkono ukiwa umepumzika tu huelekeza kwenye maradhi ya Parkinson. Na ule wa asubuhi, unaokoma kwa glasi ya kwanza ya pombe, ni dalili ya mwili uliokwisha kuitegemea. Mwenye dalili hiyo asijikatishe pombe peke yake siku chache kabla ya mechi, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Hospitali humsaidia kuacha kwa usalama, hata kama mashindano ya mwaka huu yatampita.