Ukweli Unaosubiri Kuulizwa

Mama mmoja alipigwa picha ya matiti mwaka jana, na mwaka huu amepigwa tena. Ndani ya titi kuna chembe ndogo nyeupe za kalsiamu. Chembe hizo mara nyingi hazina madhara, lakini zikizidi kuongezeka huweza kuwa dalili ya saratani. Kwa hiyo mtaalamu wa radiolojia huweka picha mpya kando ya ile ya zamani na kuzilinganisha. Sasa tuseme mwaka jana picha zilipangwa kinyume. Chembe zilizokuwa zikiongezeka zikaonekana zinapungua, na mama akaambiwa yuko salama. Mwaka huu kosa limegunduliwa, na ugonjwa umeshapata muda.

Kisa ni cha kutungwa, ila swali liliulizwa kweli. Watafiti wa Marekani waliwapa kisa cha namna hii wataalamu 243 wanaosoma picha za matiti, na majibu yakachapishwa mwaka 2009. Asilimia 14 walisema wangemweleza mgonjwa kosa hilo bila shaka, na 26 pengine wangemweleza. Asilimia 9 wasingemweleza kabisa. Waliobaki, asilimia 51, wangemweleza endapo tu angeuliza.

Angeulizaje? Kwetu wagonjwa wengi hurudi nyumbani na picha za eksirei katika bahasha kubwa, wakazitunza juu ya kabati. Picha anayo, kuisoma hawezi. Na wapo wanaoona kumhoji daktari ni utovu wa adabu.

Kilichonigusa zaidi ni maneno yenyewe. Wataalamu wale walichagua pia wangesema nini. Asilimia 31 wangemwambia mama kwamba chembe sasa ni kubwa zaidi na zinatia shaka ya saratani. Sentensi hiyo ni ya kweli, neno kwa neno. Hata hivyo mama anatoka chumbani akidhani ugonjwa umemjia mwaka huu. Asilimia 15 tu wangesema waziwazi kwamba picha iliyopita ilisomwa kimakosa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anauweka ukweli pamoja na fadhila ya haki: ni deni kwa mwenzako. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inadai kosa dhidi ya haki na ukweli lifidiwe, hata kama mkosaji amesamehewa. Lakini mama asiyejua kilichotokea hana cha kudai wala cha kusamehe.

Tusiwahukumu madaktari haraka. Wanaogopa kushtakiwa. Tena msoma picha mara nyingi hamwoni mgonjwa kabisa. Yeye huandika ripoti, na daktari mwingine ndiye anayezungumza. Kuna jambo jingine pia: ukishajua saratani iko wapi, picha ya zamani huonekana rahisi mno. Kivuli kilichopita mbele ya macho makini si lazima kiwe uzembe. Ila picha zilizopangwa kinyume si suala la maoni.

Basi wewe unayesoma haya, au mama yako, mkienda kupokea majibu, ulizeni kwa upole: "Daktari, picha hii mmeilinganisha na ya lini? Hiki mnachokiona leo, kwenye picha ile ya awali kilikuwepo?" Na ile bahasha iliyo juu ya kabati, nendeni nayo.