SAUTI ZA WAZEE WETU NDANI YA KANDA ZA HARUSI

Jinsi ya kuzitoa na kuziunga bila mshono kusikika

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali tunayoizungumzia leo si nyumba wala shamba, bali ni sauti: sauti ya bibi akimbembeleza mjukuu, ya mzee akitoa nasaha mbele ya maharusi, ya akina mama wa mtaa wakipiga vigelegele na kuitikia ngoma. Katika nyumba nyingi za Temeke, Tandika, Mbagala, Kinondoni na Mwananyamala, mali hiyo imo kabatini au mvunguni mwa kitanda, ndani ya kanda nyeusi za video ambazo hazijaguswa kwa miaka mingi.

Wengi wa wenye sauti hizo wamekwisha kututoka. Picha zao tumezitia fremu na kuzitundika ukutani, lakini sauti zao tumeziachia vumbi. Si ajabu siku hizi kumkuta kijana anayeijua vyema sura ya babu yake, lakini hajapata kusikia hata mara moja namna alivyocheka.

Kanda hazitatungoja

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Hata hivyo, deki za video zilikuwa zimekwisha kuingia mijini tangu miaka ya 1980, na haukupita muda mrefu kabla mpiga video hajawa mtu wa lazima katika harusi, kama mpishi wa pilau. Kanda zilizotumika zaidi zilikuwa za mtindo wa VHS, ulioanzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Mwezi Julai 2016, kampuni ya Funai, pia ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizo, ilisimamisha kazi hiyo. Maana yake ni kwamba kila deki inayokufa mtaani leo haina mrithi.

Kanda nazo zina maadui wao. Hewa ya pwani yetu ni ya joto na unyevu, na unyevu huleta kuvu. Ukiona madoa meupe juu ya utepe, usiitie kanda hiyo katika deki, kwani itachafua vichwa vya deki, navyo vitachafua kanda zote zitakazofuata. Mpelekee fundi aisafishe kwanza. Kanda zilizo salama zisimamishwe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na spika kubwa, kwa kuwa ndani ya spika mna sumaku, na sumaku ni adui wa utepe.

Kuitoa sauti katika picha

Watu wengi hulalamika kwamba sauti ya kanda za video ni hafifu, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Sababu ipo. Katika deki za kawaida za mtindo huo, sauti huandikwa kwenye ukingo mwembamba wa utepe, na utepe wenyewe hutembea kiasi cha sentimita 2.34 tu kwa sekunde. Utepe wa kaseti ya redio hutembea sentimita 4.76, yaani karibu mara mbili. Mwendo ukiwa wa polepole, sauti nyembamba za juu hupotea. Kwa hiyo tusitarajie muujiza. Tukipata maneno yanayosikika na pumzi ya msemaji, tumepata jambo kubwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Nyuma ya deki mna matundu ya rangi. La manjano ni la picha. Jeupe, na jekundu ikiwa lipo, ni ya sauti. Nyaya huunganishwa hapo na kupelekwa kwenye kifaa kidogo cha kunasia kinachochomekwa katika kompyuta, kisha kanda huchezwa tangu mwanzo hadi mwisho bila haraka. Harusi ya saa tatu itachukua saa tatu. Hakuna njia ya mkato.

Faili ya video ikishapatikana, ieleweke kwamba ndani yake picha na sauti ni vitu viwili vilivyofungwa katika furushi moja. Programu nyingi za bure zinaweza kulifungua furushi hilo na kuitoa sauti peke yake. Mojawapo ni Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ambayo huenda ikahitaji kuongezewa programu saidizi ili isome faili za video. Jambo la kukumbuka ni kuihifadhi sauti hiyo kwa mtindo wa WAV, si wa MP3. MP3 huibana sauti na kupunguza baadhi ya mambo ili faili iwe ndogo. Zaidi ya hayo, huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni, na kimya hicho, kama tutakavyoona, huharibu kazi ya kuunga.

Wale ambao video zao ni za simu wana kazi nyepesi zaidi, ila wajihadhari na jambo moja. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha kubanwa. Muombe aliyeipiga akutumie faili ya asili, kwa njia ya hati.

Kitanzi kisicho na fundo

Tuseme sasa umeipata sauti ya bibi akimwimbia mtoto, nayo ni ya sekunde 20 tu, kwa sababu mpiga video aligeuka kuwafuata wageni. Ungependa kitukuu chake alale kwa sauti hiyo. Sekunde 20 hazimlazi mtoto. Inabidi kufanya kitanzi, ambacho mafundi wa studio hukiita lupu: kipande cha sauti ambacho mwisho wake hurudi mwanzoni na kuendelea.

Ukirudia kipande hivi hivi, utasikia mlio kama wa kidole kikigonga meza kila kinapoanza upya. Sauti ni mawimbi yanayopanda juu na kushuka chini ya mstari wa kimya. Ukikata wimbi likiwa juu na kuliunga na jingine lililo chini, spika huruka ghafla, na mruko huo ndio mlio wenyewe. Dawa yake ni kukata pale wimbi linapouvuka mstari wa kimya. Katika Audacity, kitufe cha herufi Z huisogeza alama ya kukatia hadi mahali hapo.

Kwa sauti zisizo na mapigo, kama mvua juu ya bati, bahari ya Kigamboni au minong'ono ya wageni, iko hila moja nzuri. Chukua kipande cha sekunde 20, kikate katikati, kisha nusu ya pili uiweke mbele na nusu ya kwanza uiweke nyuma. Sasa ncha za nje zitaungana zenyewe bila kasoro, kwa kuwa katika kanda ya asili zilikuwa zimeshikana. Mshono umehamia katikati, na hapo unaweza kuushona kwa utulivu: zipandishe nusu hizo kwa sekunde 2, moja ikififia wakati nyingine inapanda. Kipande kitabaki cha sekunde 18, na sikio halitajua kinaanzia wapi.

Ngoma haitaki hila hiyo. Ngoma hutaka kuhesabiwa. Ikiwa ina mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde, na mzunguko wa mapigo 16 ni sekunde 8 kamili. Kata kabla kidogo ya pigo la kwanza, kisha kata tena kabla kidogo ya pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Wimbo wa kubembeleza nao ukatwe mahali mwimbaji anapovuta pumzi, na pumzi yenyewe iachwe. Ukiiondoa pumzi, bibi atageuka mashine.

Ikiwa kuna mvumo wa umeme, urefu wa kitanzi ugawanyike kamili kwa sekunde 0.02, kwa kuwa umeme wa nchini mwetu huyumba mara 50 kwa sekunde. Hapo mvumo hautaruka.

Sanaa hii ina ukoo

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya kigeni. Mwaka 1944, mjini Cairo, Mwafrika wa Misri, Halim El-Dabh, alizinasa sauti za akina mama katika uganga wa zaar kwa kinasa sauti cha waya, kisha akazifanyia kazi studioni. Miaka minne baadaye, mjini Paris, Pierre Schaeffer alitumia sahani za santuri ambazo mfereji wake ulijifunga, hata sauti ya garimoshi ikawa inazunguka pasipo kikomo.

Hapa kwetu, vijana wa Tandale, Manzese na Mburahati walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza kwa kasi kubwa, huku mghani akitoa maneno juu yake. Ndivyo ilivyokua singeli katika sherehe za mitaani. Mwaka 2017, kazi za Sisso Studios ya jijini Dar es Salaam zilitolewa katika albamu iliyosambazwa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, zikasikika hadi Ulaya.

Sauti ina mwenyewe

Kwa kuwa sasa kila kijana mwenye simu anaweza kuzungusha sauti ya mtu, ni wajibu wetu kuuliza: kila kinachoweza kuzungushwa kinafaa kuzungushwa? Katika kanda za harusi yamo mafundisho ya kungwi, yaliyosemwa chumbani kwa mwari, si kwa mtaa. Kuyatoa humo na kuyapiga kigodoroni ni kumvunjia heshima kungwi, mwari na ukoo mzima. Kilio cha msibani nacho si kitu cha kuchezea dansi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na pia inatambua haki za waimbaji na wapigaji. Bendi iliyotumbuiza harusini haikuuza nyimbo zake kwa kulipwa ujira wa usiku mmoja. Kuisikiliza kanda nyumbani ni jambo moja. Kuitia katika wimbo wa kuuza ni jambo jingine.

Ndugu msomaji, jambo la kwanza kufanya halihitaji kompyuta. Waite shangazi na wajomba, zitoeni kanda kabatini, na juu ya kila moja andikeni ni sherehe ya nani, mwaka gani, na nani anasikika akisema. Mashine inaweza kuisafisha sauti na kuiunga, lakini haiwezi kumtaja mwenye sauti. Anayeweza kumtaja ni mzee aliye hai. Naye, kama ilivyo deki, hana wa kushika nafasi yake.