Kisukari cha mimba: Usiache kula, panga sahani yako

Mama mjamzito akiambiwa kliniki kwamba sukari yake iko juu, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuacha kula. Anaacha ugali, anaacha wali, anashinda na chai kavu. Kama ni wewe, makala ya leo ni yako.

Kisukari cha mimba hakiji kwa sababu ulipenda vitu vitamu. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Kongosho lako lisipoweza kuongeza insulini ya kutosha, sukari hubaki kwenye damu na kumfikia mtoto. Anaweza kuwa mkubwa kupita kiasi na kuzaliwa kwa shida, kisha sukari yake ikashuka ghafla baada ya kuzaliwa. Wengi hawaoni dalili yoyote, ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28.

Kushinda njaa si tiba. Mwili uliokosa chakula huchoma mafuta na kutoa ketoni, ambazo zikizidi si salama kwa mtoto. Tena ukija kula jioni kwa njaa, utakula kingi na sukari itapanda.

Panga hivi: nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha au matembele, robo iwe maharage, dagaa, samaki au yai, robo ya mwisho iwe wanga, kwa mfano ugali wa dona. Kula milo mitatu midogo, na kitu kidogo katikati. Tunda moja zima ni bora kuliko glasi ya juisi. Uji wenye sukari, ambao wajawazito wengi huhimizwa kunywa, hupandisha sukari haraka. Mwambie na mama mkwe anayekupikia. Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15, kama daktari hajakuzuia.

Ukiwa na mashine ya kupimia, lengo la kawaida ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 6.7 saa mbili baada ya kula. Andika majibu na uende nayo kliniki.

Ikiwa sukari haijashuka baada ya wiki moja au mbili, daktari anaweza kukuanzishia dawa. Usiikimbie insulini. Haivuki kondo kwenda kwa mtoto, na akina mama wengi huiacha mara tu wanapojifungua.

Ukishajifungua, mnyonyeshe mtoto ndani ya saa ya kwanza, na uliza kama sukari yake imepimwa. Wewe mwenyewe rudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na 12, hata kama unajisikia mzima, kisha endelea kupima mara kwa mara. Aliyepata kisukari cha mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu. Siku unayompeleka mtoto chanjo, omba na wewe upimwe.