Chupa Ndogo, Harufu Kali: Inatibu Nini na Haitibu Nini?

Kama unaishi Mwanza basi muuza dawa wa kwenye mabasi unamjua. Anapanda pale stendi ya Nyegezi kabla gari halijaondoka, anasimama katikati na begi lake, anasafisha koo, kisha anatoa chupa ndogo isiyozidi kidole. "Wazee wangu, mama zangu, wanafunzi, haya ni mafuta ya mkaratusi. Kichwa, mafua, kifua, jino, viungo, homa, malaria sugu, yote hapa!" Anampaka abiria mmoja tone mkononi, gari zima linanukia, na noti zinaanza kupita kutoka mkono hadi mkono.

Je, anasema kweli au anatupiga? Jibu ni yote mawili. Na usipojua ukweli wake unaishia wapi, anayeumia huenda asiwe wewe uliyenunua. Anaweza kuwa mdogo wako wa miaka miwili aliyebaki nyumbani.

HARUFU INATOKA WAPI?

Chuma jani la mchaichai ulisuguesugue kiganjani. Harufu ile ni mafuta yaliyokuwa yamefungiwa ndani ya jani, kwenye vifuko vidogo sana. Mmea unajitengenezea kwa faida yake wenyewe, kwa mfano kuwachukiza wadudu wanaotaka kuula. Haya si mafuta kama yale ya alizeti. Ya alizeti hayaruki hewani, haya yanaruka, ndiyo maana pua inayapata hata ukiwa mbali. Jaribu mwenyewe: kwenye karatasi ya daftari dondosha tone la mafuta ya kula, na pembeni yake tone la mafuta ya mkaratusi. Kesho yake la kwanza litakuwa limeacha doa, la pili litakuwa limetoweka. Kama nalo limeacha doa la kung'aa, pole, mwenye begi amekuuzia mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu.

Kuyatoa kwenye jani kunahitaji mvuke. Majani yanajazwa kwenye pipa, mvuke unapitishwa katikati yake ukibeba mafuta, halafu unaingia kwenye bomba linalopozwa na kurudi kuwa maji. Mafuta hujitenga na kuelea juu, isipokuwa machache kama ya karafuu ambayo ni mazito kuliko maji, hivyo huzama. Waliowahi kuona gongo ikipikwa watasema mbona ni mtambo ule ule. Ni kweli, kanuni ni ile ile ya kukeneka mnayofundishwa kwenye kemia, ila hapa huhitaji kukimbia polisi. Huko Pemba kipo kiwanda cha kazi hiyo, pale Wawi karibu na Chake Chake, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Wenyeji wanakiita kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, navyo vina mafuta.

Kilo 100 za majani ya mkaratusi hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta, au pungufu. Maana yake ndani ya ile chupa kuna matawi kwa matawi yaliyobanwa pamoja. Bibi akikupa kikombe cha chai ya mchaichai amekupa majani mawili matatu kwenye maji mengi. Ukinywa kijiko cha mafuta yake umekunywa kitu kingine kabisa. Watu husema "ni ya asili, hayana madhara". Hata sumu ya nyoka ni ya asili, bwana.

PALE ANAPOSEMA KWELI

Tuanze na jino, maana hapo chupa ina hoja. Karafuu ina kitu kiitwacho yujenoli ambacho hutia ganzi kwenye neva. Madaktari wa meno wamekitumia miaka mingi, wakikichanganya na unga wa oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Ile harufu ya chumba cha daktari wa meno inatokana kwa sehemu kubwa na hiyo. Kwa hiyo jino likikukaba usiku wa manane, weka punje ya karafuu juu yake, itafune taratibu, na utapata nafuu ya kukufikisha asubuhi. Ukitumia mafuta, tone moja ulichanganye na mafuta ya kula, uchovye pamba, uguse jino tu. Yakiwa matupu yanababua fizi na ulimi. Lakini ganzi haizibi tundu. Ukiona shavu limevimba na homa imepanda, usaha uko ndani, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Pua nayo ina kisa kizuri. Ukinusa mnanaa au dawa ya kupaka kifua ukiwa na mafua, unahisi pua imefunguka ghafla. Ukweli ni kwamba haijafunguka sana. Kwenye neva zetu kuna vipokezi vinavyotambua baridi, na kitu kilichomo kwenye mnanaa, mentholi, kinavigusa vilevile kama baridi inavyovigusa. Ubongo unaambiwa hewa ya baridi inapita, unaridhika. Wanasayansi wawili wanaofanya kazi Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa upande wake, waliitumia mentholi kukipata kipokezi hicho, na mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi zao kuhusu jinsi mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Kwa hiyo unafuu unaousikia ni wa kweli, unaweza hata kukusaidia kulala. Mafua yenyewe yataondoka kwa siku zake. Kichwa cha uchovu nacho hupata nafuu ukisugua mnanaa uliochanganywa na mafuta ya kula kwenye panja.

Na kujifukiza je? Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, nyumba nyingi nchini zilichemsha sufuria ya mkaratusi, mchaichai na malimao, watu wakajifunika blanketi. Mvuke hulainisha makamasi, na mtu hutoka anahema vizuri zaidi. Hauui kirusi. Kilichoumiza watu ni ile sufuria. Mtoto anapiga teke chini ya blanketi, maji ya moto yanamwagika mapajani. Ukitaka kujifukiza, weka chombo mezani, kaa mwenyewe, usimfunike mtoto mdogo humo. Na kama una pumu, achana nayo kabisa, maana harufu kali yenyewe inaweza kukubana kifua.

Halafu mbu. Sisi watu wa ziwani tuna kivumbasi, ambacho wazee wanakipanda mlangoni au kukichoma jioni. Wazee hawakukosea. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya ziwa hili hili letu, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kujaribu mimea ya jamii hiyo ikiwa hai kwenye vyungu ndani ya vibanda. Mbu wa malaria walipungua kwa takribani theluthi. Safi sana! Lakini piga hesabu upande wa pili: theluthi mbili bado waliingia kula. Mafuta ya mchaichai ya kujipaka nayo huruka hewani upesi, baada ya saa moja au mbili umebaki na ngozi yako tu. Panda kivumbasi mlangoni, halafu ulale ndani ya chandarua chenye dawa.

PALE ANAPOTUPIGA

Rudia ile orodha ya muuza dawa: kichwa, viungo, homa. Hizo ndizo dalili za malaria, moja baada ya nyingine. Nasi tunaishi kando ya ziwa, mbu wapo. Mtu mwenye malaria akipakwa mafuta mwilini atahisi ubaridi na atasema "sasa nimepata nafuu", kwa sababu ile ile ya vipokezi tuliyoieleza. Wadudu wa malaria hawana habari na ubaridi huo. Wako ndani ya chembe nyekundu za damu, na kila baada ya saa 48 hivi chembe zinapasuka na kila moja kuachia wadudu wapya zaidi ya kumi. Siku mbili za kupaka na kusubiri zinawapa raundi nzima. Kwa mtoto mdogo, hizo siku mbili zinaweza kuwa ndizo zilizobaki.

Utasikia pia hoja hii: mbona dawa mseto nayo imetoka kwenye mmea? Imetoka, tena mmea wenye harufu. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuipata artemisinini kutoka kwenye pakanga ya Kichina, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Ila sikiliza jinsi alivyofanya: aliona joto linaiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Ukiupitisha mvuke kwenye mmea ule unapata mafuta yanayonukia, na artemisinini haimo humo, kwa kuwa yenyewe hairuki na mvuke. Harufu na dawa ni vitu viwili, ingawa viliishi kwenye jani moja. Tanzania ilipoanza kutumia dawa mseto mwaka 2006, ilikuwa ni vidonge vyenye kipimo kinachojulikana. Chupa ya kwenye basi haina kipimo cha kitu chochote.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike ukurasa huu, nalo ni degedege. Kwenye familia nyingi mtoto akianza kukakamaa na kugeuza macho, wanasema ni mambo ya mashetani, hivyo anafukizwa moshi au anapakwa kafuri na mafuta makali puani ili "azinduke". Mara nyingi kukakamaa huko kunaletwa na homa kali, na malaria iliyopanda kichwani ni mojawapo ya sababu zake. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Ubaya zaidi ni kwamba kafuri na mafuta ya mkaratusi, yakiingia tumboni mwa mtoto, yenyewe huleta degedege. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kumzimisha. Na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, dawa zenye kafuri au mentholi zikipakwa puani zinaweza kumbana pumzi. Kwa hiyo wanaojaribu kumwokoa kwa chupa wanaweza kumwongezea kile kile wanachopigana nacho.

Wewe unayesoma sekondari unaweza kuwa ndiye mtu pekee pale nyumbani unayejua hili. Si rahisi kumwambia bibi "hapana". Basi usibishane naye. Mwambie, "Bibi, shikamoo, naomba tumpeleke akapimwe kwanza, tukirudi tutampaka." Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kwa dakika 15 au 20 hivi. Wakati mtoto anakakamaa mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimwekee chochote mdomoni, hata kijiko, na mwondoke mara moja.

KAMA CHUPA IMO NDANI YA NYUMBA

Hakuna kunywa, hata tone kwenye chai. Ya ngozi yachanganye, matone mawili kwa kijiko cha chai cha mafuta ya nazi au ya alizeti, na jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku nzima. Usiyadondoshe kwenye beseni la kuogea ukidhani maji yatayapunguza makali, kwani hayachanganyiki na maji, yatakugusa yakiwa vilevile. Wasichana, tumbo la hedhi linaweza kukandwa kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga, na mafuta yaliyochanganywa yanafaa kuchulia juu ya tumbo tu. Sehemu za siri si mahali pake, hata rafiki yako akikuapia kwamba yanasafisha. Na wenye chunusi, mafuta au maji ya limau usoni kisha ukatoka juani ni kutafuta malengelenge na madoa meusi. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, kama mafuta ya taa. Maziwa hayaiondoi sumu hii, kwa hiyo usipoteze muda kuyatafuta. Mbebe na chupa yenyewe, hata kama imebaki tupu, ili daktari aone ni nini na alikunywa kiasi gani. Usisubiri dalili, maana dakika chache tu zinaweza kupita kabla hajaanza kulegea au kukakamaa.

Chupa ikae juu, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli, kwenye chombo chake chenye jina, siyo kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa ya soda, na anajua ni ya kunywa.