Mtoto wa Mgomba Ndani ya Chupa

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa machipukizi matatu ya mgomba. Hapa kwetu Kivu hiyo ni heshima kubwa: bibi arusi anapanda, anavuna, na baadaye naye anagawia wengine. Kutoka machipukizi yale nilipata shamba zima. Ndizi zililipa minervali ya watoto, na kasikisi ilitoka hapo hapo siku za harusi na za matanga.

Kisha majani yakaanza kuwa manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi ziliiva zikingali changa, na ndani zilikuwa na madoa ya rangi ya udongo. Nilipokata shina, likatoa usaha wa manjano. Mama wote wa hapa wanaujua ugonjwa huo: mnyauko wa migomba, ulioonekana Congo mwaka 2001 kule Masisi, na tangu hapo haujatuacha.

Mama mkwe aliposikia, alinibebea machipukizi mengine. Kwa macho yalikuwa mazuri kabisa. Lakini ugonjwa huu unaweza kulala ndani ya chipukizi bila dalili yoyote, na migomba ya jirani yake ilikuwa imeanza kunyauka. Nilimwambia, «Mama, asante sana. Lakini tusipande kwanza. Nataka kujua miche safi inatoka wapi.» Hakufurahi siku ile.

Miche ya maabara ni nini?

Katika kikundi chetu tulimwita mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari atueleze. Alipasua chipukizi mbele yetu, akaondoa ganda moja baada ya lingine mpaka akafika kwenye kitovu cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Hapo ndipo mgomba unapokulia.

Katika maabara wanakata kitovu hicho, wanakisafisha kwa javeli, na kukitia ndani ya chupa yenye chakula chake: maji, sukari, madini, vitamini, homoni za mimea, na agari inayogandisha kama uji uliopoa. Chupa inafungwa, inawekwa penye mwanga. Baada ya wiki chache kinachipuka. Vichipukizi vinatenganishwa, vinatiwa katika chupa nyingine, na vinazaa tena. Katika mwaka mmoja chipukizi moja linaweza kutoa miche mamia. Chakula kinachotumiwa sana duniani kilitungwa na watafiti wawili, Murashige na Skoog, mwaka 1962.

Miche hiyo haibebi minyoo ya mizizi wala fukusi, na ikichukuliwa kwa mgomba uliopimwa, haibebi mnyauko. Virusi ni jambo lingine: chupa peke yake haiviondoi, kwa hiyo mgomba mama lazima upimwe.

Jaribio letu la darasani

Tulijaribu na wanafunzi kwa vipande vya shina la kiazi, kila kipande kikiwa na jicho moja, kwa sababu kiazi ni rahisi kuliko mgomba. Tulitumia chupa za konfitiri zenye vifuniko. Kwa litre moja ya maji: sukari gramu 30, agari gramu 7 au 8, na madini ambayo mwalimu aliyapata. Chupa zilipikwa katika sufuria ya presha dakika 20. Kisha tulifanya kazi ndani ya sanduku safi lililofunikwa plastiki, mikono imepanguswa kwa alkoli.

Mama, angalieni hapa: alkoli ikauke kabisa mikononi na mezani kabla ya kuwasha moto wowote, na watoto wadogo wasikaribie. Javeli isichanganywe na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia.

Nyingi kati ya chupa zetu ziliota ukungu. Sukari ile inayolisha mmea inalisha pia ukungu, na pumzi ya mtu mmoja juu ya chupa inatosha kuiharibu. Lakini chache zilibaki safi, na asubuhi moja watoto waliona mizizi myeupe kupitia kioo. Darasa lote lilikimbilia dirishani.

Tulielewa mambo mawili. Mtoto anaweza kujifunza elimu hii kwa vyombo vya jikoni. Lakini kwa migomba ya shamba, kazi ya chupa tuwaachie wenye maabara, kama watafiti wa INERA kule Mulungu.

Njia ya unga wa mbao

Kuna njia ya kati ambayo mama wanaiweza bila chupa. Chagueni machipukizi katika shamba lisilo na ugonjwa, na agronomu alikague kwanza. Osheni kiazi chake, kateni mizizi yote, bandueni maganda moja moja mpaka macho yaonekane. Kisha chanjeni kitovu cha katikati kwa alama ya msalaba, ili macho ya pembeni yaamke.

Chemsheni unga wa mbao, uacheni upoe, mtie ndani ya sanduku lenye kivuli. Zikeni viazi humo, mwagilieni, funikeni kwa plastiki inayopitisha mwanga. Baada ya wiki tatu au nne vichipukizi vinatoka. Vikiwa na mizizi, hamisheni kwenye vifuko vya udongo na mbolea ya ng'ombe, mkavitunze chini ya kivuli mwezi mmoja au miwili. Kiazi kimoja kinaweza kutoa miche 20 na zaidi.

Mche safi si mche usiougua

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mche safi ukipandwa katika shamba lenye mnyauko, utakufa kama mwingine. Kwa hiyo:

– Mkiong'oa migomba yote, pandeni maharagwe au mahindi kwanza. Ngojeni angalau miezi sita.
– Panga lipitishwe kwenye moto au lioshwe kwa javeli kabla ya kuhamia mgomba mwingine.
– Ua la dume livunjeni kwa mti wenye panda, si kwa kisu, mara tu kichana cha mwisho kinapotokea. Wadudu wanabeba ugonjwa kupitia hapo.
– Shina lililougua likatwe mapema, usawa wa ardhi.
– Miche michanga inataka maji na mbolea kuliko machipukizi ya kawaida.

Mimi nilipanda maharagwe, nikangoja. Mama mkwe alikuwa akipita, anaangalia sanduku letu la unga wa mbao, hasemi neno. Shamba lake nalo lilikuwa limekwisha. Siku ya kugawana miche, nilimpelekea mitatu, kwa mikono miwili, kama alivyonipa yeye.

Aliipokea, akaigeuza, akatazama mizizi. «Basi,» akasema, «unionyeshe na hilo sanduku linavyotengenezwa.»

Wiki ijayo tunaanza la kwake. Mama wa kikundi kingine wanaotaka kujifunza, waje na kisu kikali, javeli kidogo na gunia la unga wa mbao.